Kutafuta kifaa kibovu katika kompyuta inayozimika mara kwa mara

Kabla ya kushika bisibisi, chukua daftari na kalamu. Kompyuta inayozimika au kuganda kila mara haikosi tabia yake, na tabia hiyo humjia wazi yule tu aliyeandika tarehe, saa, muda uliopita tangu mashine iwashwe, kazi iliyokuwa ikifanyika na namna yenyewe ilivyozimika. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kupoteza muda, wakanunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha), kisha diski, na hitilafu ikabaki palepale kwa sababu kilichokuwa kibovu ni kebo. Matukio matano yaliyoandikwa vizuri hupunguza washukiwa kuliko wiki nzima ya kubahatisha.

Namna ya kuzimika ndiyo habari ya kwanza ya kuandika. Mashine inayokatika ghafla kama iliyochomolewa kwenye soketi, bila ujumbe wowote, hukuelekeza kwenye umeme, na mara chache kwenye joto. Inayoonyesha skrini ya buluu yenye ujumbe wa kosa (nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni) ni mashine ambayo mfumo wake wa uendeshaji, kama Windows, uligundua kosa ukaamua kusimama kuliko kuendelea kuharibu data, na hapo washukiwa ni RAM, prosesa (ubongo wa kompyuta), diski au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa). Inayoganda, picha ikasimama huku spika zikirudia mlio mmoja mfululizo, mara nyingi ina shida ya kadi ya michoro, RAM au prosesa. Ikiwa kishale cha kipanya bado kinasogea lakini kila unachobofya hakiitikii, na taa ya diski inawaka bila kupepesa, anza kuishuku diski. Siku itakapoganda, bonyeza kitufe cha Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, kiini cha mfumo bado kinafanya kazi, ikikataa kabisa, mashine yote imesimama. Liandike na hilo.

Jambo la pili ni kunakili mafaili yako yote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya jaribio lolote. Majaribio yaliyoelezwa hapa huitesa mashine makusudi, na diski iliyokuwa na wiki mbili za uhai inaweza kuzimaliza katika saa tatu.

Je, ni kifaa au ni programu?

Kwa kawaida Windows hujiwasha upya mara tu baada ya skrini ya buluu, kwa hiyo mtumiaji hudhani mashine imekatika umeme kumbe kulikuwa na ujumbe uliopita kasi asiuone. Zima tabia hiyo kwanza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua kichupo cha Advanced, ingia kwenye Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, kisha uondoe alama kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo msimbo wa kosa utabaki kwenye skrini mpaka uunakili.

Kumbukumbu za matukio nazo zina mengi. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku kilekile cha amri, na utaona kalenda inayoonyesha siku zote mashine ilipopata hitilafu. Hiyo hutosha kujua kama tatizo lilianza siku fulani, labda siku ulipoongeza kifaa au kusasisha draiva. Kwa undani zaidi andika eventvwr.msc na ufungue kumbukumbu za System. Hapo karibu kila mtu hukutana na tukio la Kernel-Power namba 41 na kudhani amepata jibu. Tukio hilo halitaji chanzo cha kuzimika. Linaeleza tu kwamba mashine iliwashwa tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu, jambo ambalo wewe mwenyewe ulilishuhudia kwa macho.

La thamani zaidi ni tukio lenye jina WHEA-Logger, kwa kuwa hapo ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika. Namba 18 ni kosa la mauti lililoripotiwa na prosesa. Namba 19 ni kosa ambalo prosesa ilifanikiwa kulisahihisha. Ukifungua maelezo yake utakuta mstari wa Processor APIC ID pamoja na namba. Namba hiyo ikibadilikabadilika, chanzo kinaweza kuwa volti, RAM au madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote). Ikiwa ni ileile katika matukio yote, kiini kimoja cha prosesa kinajitaja chenyewe.

Misimbo ya skrini ya buluu huisomi mmoja mmoja tu. Itazame pia kwa pamoja. Ukiona msimbo uleule kila mara na jina lilelile la faili la draiva, shughulika na draiva hiyo kwanza, maana inawezekana hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Lakini misimbo ikitawanyika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na kila mara programu nyingine ndiyo inayolaumiwa, hiyo ndiyo sura ya RAM mbovu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR hutoka kwenye prosesa, volti zake au vifaa vilivyoungana nayo moja kwa moja. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR humaanisha mfumo ulitaka kusoma data kutoka kwenye diski ukashindwa. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya michoro iliyokaa kimya kupita muda wake. Anayetumia Linux ataona mistari ya mwisho kabla ya kuzimika kwa amri ya journalctl -b -1 -e, na tukio likikatika katikati bila neno lolote, ukimya huo nao ni ushahidi wa umeme.

Kuutenga mfumo wenyewe ni rahisi: andaa flashi yenye Linux inayofanya kazi bila kusakinishwa, iwashe mashine kutoka humo, uifanyie kazi kwa saa kadhaa. Ikizimika na huko, Windows na draiva zake zimepata nafuu ya kesi. Isipozimika, usiharakishe kutoa hukumu, kwa sababu katika hali hiyo diski haikutumika sana na kadi ya michoro haikubebeshwa mzigo wake wa kawaida. Na mashine inayozimika ukiwa kwenye kurasa za BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe), kabla mfumo wowote haujapakiwa, haina haja ya jaribio hilo.

Joto

Joto hulaumiwa kuliko linavyostahili, lakini kulikagua ni rahisi kiasi kwamba si vizuri kuliruka. Fungua programu ya HWiNFO, au amri ya sensors kwenye Linux, uangalie nyuzi za prosesa ikiwa imetulia na ikiwa na mzigo. Prosesa nyingi za leo huanza kujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na hujizima tu pale ambapo hata kujipunguza kasi hakukusaidia. Maana yake ni kwamba joto la prosesa hutanguliwa na uzito wa mashine: feni zinapiga kelele, kazi zinakwenda polepole, ndipo inapozimika. Mashine iliyokatika ghafla ikiwa na nyuzi 60 haikukatika kwa sababu ya joto la prosesa, na kubadilisha pesti (ute unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto) hakutaisaidia kitu.

Kwenye kompyuta ya mapajani, vumbi halikai pale mtu anapolitazamia. Ukipuliza hewa kutoka nje kwenye matundu, unaweza kuona mashine safi kabisa, huku ndani, kati ya feni na mapezi ya kipoza joto, kuna utando wa vumbi na nywele uliojishikiza kama kipande cha blanketi, nao huziba hewa karibu yote. Utando huo huondoka tu ukifungua kifuniko na kuinua feni. Unaposafisha, izuie feni kwa kidole isizunguke, kwani hewa ya mkebe huweza kuizungusha kupita kasi yake. Na ukikuta betri imevimba, acha kila kitu: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena, na ishughulikie kama kitu kinachoweza kushika moto.

Pesti ya joto iliyokauka hubadilishwa kwa kufuta ya zamani kwa spiriti isiyo na maji mengi, kisha kuweka tone dogo la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Jaribio la haraka kwa kompyuta ya mezani ni kufungua upande mmoja wa kasha na kuelekeza feni ya chumbani ndani yake. Ikiwa ilikuwa ikizimika kila baada ya dakika 20 na sasa inafika saa mbili, joto limo kwenye kesi hii, ingawa huenda si la prosesa: sehemu za madabodi zinazosambaza volti, na hata RAM, huchemka bila kipimajoto unachokiona kusema lolote.

RAM

Hapa inafaa kukaa zaidi, kwa sababu RAM mbovu ndiyo inayodanganya kuliko vifaa vyote. Haizimi mashine tu, huiba herufi moja hapa na namba moja pale, ikawaachia wengine lawama. Faili lililobanwa linakataa kufunguka likidai limeharibika, ukilipakua tena linafunguka; kivinjari kinafunga kurasa chenyewe; usakinishaji wa mfumo unakwama kila mara mahali tofauti. Ukiona dalili za namna hiyo pamoja na kuzimika, nenda kwenye RAM kabla ya kitu kingine.

Hatua ya kwanza haihitaji kufungua kasha. Ingia kwenye BIOS uangalie kama XMP au EXPO imewashwa. Hiyo ni mipangilio inayoifanya RAM iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye sanduku lake, kasi ambayo mara nyingi inazidi ile ya kiwango cha kawaida. RAM ya DDR4, kwa mfano, kwa kawaida hutumia volti 1.2, na XMP mara nyingi huipandisha hadi 1.35. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba kasi waliyoilipia haina uhakika wa kufanya kazi kwenye kila prosesa na kila madabodi, lakini ndivyo ilivyo. Zima XMP au EXPO, tumia mashine kwa siku kadhaa, uone. Kuzimika kukikoma, RAM yenyewe huenda ni nzima kabisa na unachohitaji ni kuiendesha polepole kidogo au kusasisha BIOS.

Kuzimika kukiendelea, weka programu ya kupima RAM, Memtest86+ au MemTest86, kwenye flashi na uiache ikipima usiku kucha. Mzunguko mmoja hautoshi. Minne ndiyo ya kuanzia. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika: kosa moja ni kosa. Kipimo kinachokuja na Windows, kile kinachoitwa kwa mdsched, nacho hugundua RAM iliyooza, lakini kikisema hakuna tatizo usikichukulie kama hati ya usafi.

Makosa yakionekana, usikimbilie kununua. Kosa la RAM linaweza kutoka kwenye kipande chenyewe, kwenye sloti, au kwenye sehemu ya prosesa inayoongoza kumbukumbu, na namna pekee ya kutofautisha ni kuhamisha vipande kwa utaratibu. Zima mashine, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki umalizike, na ushike chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Chomoa vipande vyote isipokuwa kimoja, ukiweke kwenye sloti iliyopendekezwa na kitabu cha madabodi, ambayo kwa zenye sloti nne mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Kisukume mpaka usikie klipu zikilia; kipande ambacho hakijaingia vizuri upande mmoja kinaweza kuwaka na kufanya kazi kwa wiki nzima kabla ya kuanza vituko. Pima. Kisha weka kipande kingine katika sloti ileile na upime tena. Kosa likikifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Kosa likibaki kwenye sloti hata ukiweka kipande chochote, chunguza sloti, kisha soketi ya prosesa.

Umeme

Pawasaplai hupeleka volti 12, 5 na 3.3, na ATX, kiwango kinachofuatwa na pawasaplai za kompyuta za mezani, huruhusu kila moja ipungue au kuzidi kwa asilimia 5 tu. Kwa maltimita, waya wa volti 12 usishuke chini ya 11.40 wala kupita 12.60, wa volti 5 uwe kati ya 4.75 na 5.25, wa volti 3.3 uwe kati ya 3.14 na 3.47. Pima mashine ikiwa na mzigo, kwa kuwa pawasaplai iliyochoka huonyesha namba nzuri sana ikiwa haina kazi. Lile jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake nje ya kompyuta linathibitisha kwamba inawaka, basi.

Kuna waya mmoja wa kijivu kwenye plagi kubwa unaoeleza kwa nini hitilafu ya umeme haiachi alama. Waya huo hubeba ishara inayoiambia madabodi kwamba volti zote ziko sawa. Pawasaplai ikiona volti inayumba huondoa ishara hiyo, na madabodi husimamisha kila kitu papo hapo, bila kuupa mfumo nafasi ya kuandika hata neno moja. Ndiyo maana mchezo wa kompyuta unapoanza, kadi ya michoro ikavuta umeme mwingi kwa mkupuo, mashine hukatika kimya. Kuona wati zilizoandikwa kwenye lebo zinatosha hakumalizi hoja, kwani mikupuo hiyo mifupi huzidi sana wastani wa kadi.

Anza nje ya kasha. Ondoa kebo ya kuongezea na kifaa cha kuhifadhi umeme, uchomeke mashine moja kwa moja ukutani kwa siku kadhaa. Betri iliyokufa ndani ya kifaa cha kuhifadhi umeme huifanya mashine izimike kila umeme unapoyumba kidogo, yaani kile kilichonunuliwa kuilinda ndicho kinachoizima. Kisha ingia ndani na uchomoe na kuchomeka upya plagi zote za umeme. Mashine yangu mwenyewe iliwahi kunisumbua kwa miezi miwili, ikizimika kila nilipobana video ndefu, na niliishuku RAM, joto, hata programu yenyewe. Nilipochomoa plagi ya pini nane iliyo karibu na prosesa niliona pini mbili za kona zimebadilika rangi, plastiki yake nyeupe imekuwa kahawia kama mkate uliokaa sana kwenye kikaango. Haikuwa imeingia mpaka mwisho. Klipu yake ilikuwa imeegemea tu ukingo wa soketi, na mguso ule hafifu ulichemka kila prosesa ilipovuta umeme mwingi. Vipimo vyote vilikuwa havijaonyesha chochote.

Kadi ya michoro yenye plagi mbili za umeme ipewe kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Na usichanganye kamwe kebo za kuchomoka za pawasaplai moja na nyingine hata kama plagi zinaingiliana, maana mpangilio wa nyaya upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski na madabodi kwa sekunde moja. Pawasaplai yenyewe usiifungue: kapasita zake (vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji) hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni kuazima nyingine unayojua ni nzima na kuitumia kwa siku kadhaa.

Kuna mshukiwa mdogo asiyekumbukwa na wengi: kitufe cha kuanzisha upya kilicho mbele ya kasha. Kikichakaa, hugusana chenyewe na mashine hujiwasha upya bila sababu. Chomoa waya wake kwenye madabodi, hautauhitaji.

Diski

Diski huhifadhi takwimu za afya yake zinazoitwa SMART, na programu za CrystalDiskInfo au smartctl huzionyesha. Usitosheke na neno kwamba hali ni nzuri. Tazama namba zenyewe. Kwa diski inayozunguka, namba 5 ni idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, namba 197 ni zinazosubiri uamuzi, na namba 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka kila wiki, diski inakufa, na muda uliobaki utumie kunakili, usiutumie kupima. Kwa SSD ya NVMe (diski isiyozunguka inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi) tazama asilimia ya uhai iliyotumika na idadi ya makosa ya data.

Namba 199 ni ya aina nyingine. Hiyo huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi, na mara nyingi kosa ni la kebo. Kwenye kompyuta moja niliyoitengeneza ilisomeka 14. Wiki iliyofuata, baada ya kasha kusogezwa wakati wa kufagia, ikasomeka 61, na mashine ilikuwa inaganda mara mbili kwa siku. Nilibadilisha kebo ya SATA peke yake. Namba hiyo hairudi sifuri hata tatizo likiisha, kwa hiyo kilichonipa jibu ni kwamba mwezi mzima baadaye ilikuwa bado 61.

Kadi ya michoro, prosesa na madabodi

Kadi ya michoro hujionyesha: vipande vya rangi visivyo mahali pake, mistari, skrini kuwa nyeusi huku sauti ikiendelea. Ikiwa prosesa yako ina michoro yake ya ndani, chomoa kadi kabisa na utumie mashine hivyo kwa siku kadhaa. Kama haina, programu ya FurMark itaibebesha kadi mzigo, ingawa usiiache bila kuitazama.

Prosesa huharibika kwa nadra, na kwa sababu hiyo hushukiwa mwisho, lakini kuna kundi moja la kulifahamu. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilithibitisha kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa kupewa volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS mwezi Agosti na Septemba mwaka huo, na ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Marekebisho huzuia uharibifu mpya; prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi. Mwenye mashine ya kundi hilo asasishe BIOS leo, na kuzimika kukiendelea adai dhamana. Kwa prosesa nyinginezo, programu ya Prime95 kwa saa chache ni kipimo kikali cha kutosha, mradi ufuatilie nyuzi za joto na urudishe kwanza kasi na volti zote kwenye kiwango cha kiwanda.

Madabodi ndiyo inayobaki pale wengine wote walipoonekana hawana hatia. Ikague kwa tochi: kapasita iliyovimba kichwani au iliyotoa utomvu wa kahawia, alama ya kuungua, skrubu iliyodondoka nyuma yake. Halafu iwashe kwa vifaa vichache kabisa, yaani prosesa, kipoza joto, kipande kimoja cha RAM na pawasaplai, ikiwezekana ikiwa nje ya kasha juu ya kadibodi kavu. Ikitulia hivyo, rudisha kifaa kimoja, itumie mpaka uridhike, ndipo urudishe kingine. Ukirudisha viwili kwa pamoja, tatizo likijitokeza hutajua umlaumu nani, na kazi yote itaanza upya.

Kuridhika huko nako kuna hesabu yake. Ikiwa mashine ilikuwa ikizimika kwa wastani wa mara moja kila siku tatu, bila mpangilio, siku tatu za utulivu baada ya kubadilisha kifaa hazithibitishi lolote, kwa sababu hata bila matengenezo ilikuwa na nafasi ya zaidi ya theluthi moja kuzipita salama. Subiri mara tatu ya wastani huo, yaani siku tisa, na uwezekano wa kwamba ni bahati tu hushuka hadi karibu asilimia 5. Iliyokuwa ikizimika mara moja kwa wiki, ipe wiki tatu kabla hujakifunga kifuniko na kukitupa kile kifaa ulichokitoa.